Bwana Mifugo na Majani Yasiyoliwa

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae, maana mtu ninayetaka kukueleza hakupenda kuongea na watu waliosimama. Alisema mtu aliyesimama anawaza kuondoka. Na kama una kikombe mkononi, kitazame kwanza ndani, kisha ukingoni pale midomo inapogusa, kisha chini ya mkono wa kikombe ambako uchafu hujificha, ndipo unywe. Ndivyo alivyofanya yeye, hata alipokuwa mgeni wa heshima mezani kwa padri.

Karatu tulimwita Bwana Mifugo. Ndiyo ilikuwa kazi yake mpaka alipostaafu: asubuhi alikagua nyama machinjioni, mchana alipanda pikipiki kwenda kuangalia majosho na malisho, leo Buger, kesho Mang'ola, na kwa miaka kadhaa aliishi Oloipiri akisimamia ujenzi wa josho. Mimi nilimfahamu kwa mambo mawili. Nilipokuwa mtoto alimwaga supu ya mama yangu. Nilipokuwa mtu mzima nilimfundisha kucheza gofu ya kwenye kompyuta. Sijui lipi kati ya hayo lilinitia kinyaa zaidi, lakini nitakueleza taratibu, nawe utapima.

Tuanze na pua yake. Miaka ya kunusa nyama ilikuwa imemwachia mkunjo mmoja juu ya pua ambao haukunyooka hata akicheka. Ukimsalimia, alikuwa kama anakunusa kwanza ndipo aitikie. Mfukoni mwa shati alibeba leso nyeupe iliyokunjwa mara nne, na aliitoa mara nyingi kuliko watu wengine wanavyotoa simu. Aliiweka puani akipita karibu na kibanda cha chipsi, karibu na malori ya vitunguu, karibu na mgombea uongozi akihutubia. Alikuwa na msonyo mrefu, wa kuanzia jino la nyuma mpaka la mbele, na wachinjaji wa mji mzima waliuogopa kuliko barua ya kufungiwa bucha.

"Tazama ini kwanza," alikuwa akisema. Alimaanisha kwamba mnyama anaweza kuwa na ngozi inayong'aa na paja nene, lakini ini ndilo linalotoa siri. Usemi huo aliutumia kwa kila kitu. Fundi akimwonyesha pikipiki ya kuuza, alimwuliza ini lake liko wapi. Siku ya kwanza alipoingia katika chumba changu cha kompyuta, kando ya soko, alizunguka mashine zote sita bila kukaa.

"Ini la hiki kitu ni lipi, mwanangu?"

Nikafikiri kidogo, nikamwambia labda ni feni, kwa kuwa ndiyo inayovuta hewa. Akaomba bisibisi. Akafungua kifuniko, akatia vidole, akatoa kitu cha kijivu kinene kama sufu ya kondoo aliyekufa, chenye bawa la mende ndani yake. Akakiinua juu ili wanafunzi wangu wote wakione.

"Na watu mnaweka nyuso zenu hapa," akasema, kisha akasonya.

Niliona aibu, na ile aibu niliitambua. Ilikuwa ileile ya utotoni. Mama yangu aliuza supu ya utumbo nyuma ya soko. Asubuhi moja, wateja wakiwa wameshika bakuli, Bwana Mifugo alizamisha upawa sufuriani, akatoa kipande, akakipasua kwa kisu chake na kusema kwa sauti ya kufika barabarani: "Huu utumbo una kinyesi. Mnakunywa kinyesi." Sufuria nzima ikaenda shimoni. Mtu mmoja alitapika. Mama alikaa juu ya ndoo na kujifunika kanga usoni.

Lakini nisimalizie hapo, nitakuwa nimekudanganya. Kesho yake alirudi na chumvi, ndimu na ndoo mbili za maji. Akavua shati, akamfundisha mama kugeuza utumbo nje ndani na kuuosha mara tatu, mikono yake ikiwa imezama kwenye uchafu uleule aliousonya jana. Supu ilipoiva aliketi mbele kabisa, mahali pa kuonekana, akanywa bakuli mbili, akaomba ya tatu. Wateja wakarudi. Mama hakumsamehe, ila kuanzia siku ile hakuosha utumbo mara mbili, aliosha mara tatu.

Kuhusu usafi wake mwenyewe, nitakuambia ukweli. Alinusa ugoro. Alikuwa na kikopo cha bati, na kila baada ya dakika chache alitia puani, akapiga chafya juu ya kibodi yangu, akatema kwenye kopo la maziwa aliloliweka miguuni. Jioni nilikaa na mswaki mkuukuu nikichokoa unga wa kahawia kati ya herufi. Kitufe cha M kinanata mpaka leo. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mzee wangu, huu ni uchafu."

Akashangaa kabisa. "Huo ni ugoro, mwanangu. Uchafu ni kitu cha mtu mwingine."

Sasa utauliza mtu kama huyo alifuata nini kwenye gofu. Alimfuata mwanawe.

Mwana huyo, wa pekee, alikuwa Kanada na mkewe, na kwa miaka sita hakuwa amepokea simu ya baba yake. Kulikuwa na mjukuu ambaye Bwana Mifugo alimjua kwa picha moja aliyoonyeshwa na shangazi wa mwanawe. Halafu ukaja ujumbe mfupi kwenye simu, nami ndiye niliyemsomea kwa sauti, maana miwani aliisahau: "Sitaki maongezi. Jumamosi huwa nacheza gofu ya kwenye kompyuta. Ukiweza, njoo tucheze." Chini yake kulikuwa na jina la mchezo na namba za kuingilia.

"Kucheza sijui," akasema. Akakunja leso, akaikunjua. "Nifundishe. Mlango aliofungua ndio huu."

Kisa cha miaka sita alinieleza vipande vipande, macho yake yakiwa kwenye kioo. Siku ya harusi ya mwanawe, wakwe walileta dume la ng'ombe, zuri, la heshima. Likachinjwa nyumbani. Bwana Mifugo, akiwa amevaa suti, akaomba kisu. Akapasua shavu la ng'ombe, akapasua moyo, akakuta punje nyeupe kama wali uliomwagika. Ni vifuko vya tegu. Nyama yenye hivyo kwa wingi hailiwi. Kwa kazi yake alikuwa sahihi, na hakuna aliyebisha. Lakini aligeuka kwa wakwe, mbele ya kwaya na wageni wote, akatema mate chini na kusema: "Mmetuletea tegu harusini?" Kisha akamwaga mafuta ya taa juu ya nyama yote. Wageni walikula wali na maharage. Mama wa bibi harusi hakutoka chumbani mpaka jioni.

"Unajua kijana wangu aliniambia nini?" akaniuliza. "Hakunigombeza. Alisema, 'Ungeniita pembeni, Baba. Sentensi moja tu, sikioni.' Kisha akaondoka."

Basi tukaanza masomo. Gofu, kama hujawahi kuiona, ni kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo lililo mbali, lenye bendera. Anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Kwenye kompyuta huhitaji fimbo. Unabonyeza kipanya, unakivuta kuelekea kwako, na mstari wa nguvu unapanda pembeni mwa kioo. Ukikisukuma mbele, yule mtu wa kwenye kioo anapiga. Ukisukuma kwa kupinda, mpira nao unapinda. Wanafunzi wangu wa kawaida hujifunza kwa siku moja.

Yeye siku ya kwanza hakupiga hata mpira mmoja. Aliangalia tu. Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa zimetukwepa, na mnadani ng'ombe walifika wakiwa mbavu tupu, wengine wakiburutwa. Na kwenye kioo changu kulikuwa na majani ya kijani mpaka mwisho wa macho.

"Nani anayakata?"

"Mashine, Mzee."

"Wanampa nani?"

"Hawampi mtu. Wanayatupa."

Akatoa leso akaiweka puani, kana kwamba kioo kinanuka. "Na yale maji?"

"Ni pambo."

"Hakuna kinachokunywa?"

"Hakuna."

"Na yule mbona amevaa glavu mkono mmoja? Hata mchinjaji mlevi huvaa mbili, au asivae kabisa." Kompyuta ikapiga makofi ya watu wasioonekana, kama inavyofanya mchezo ukifunguliwa. Akasimama. "Hii ni laana," akasema, akaenda zake. Nikajua harudi.

Akarudi kesho yake, akakaa, akashika kipanya kama mtu anayeshika panya wa kweli, kwa ncha za vidole.

Kwa wiki mbili alinitoa jasho. Kila mpira aliupeleka pembeni, kwenye majani marefu, na ukifika huko alipumua kwa kuridhika. Nilidhani mkono unatetemeka. Nikampunguzia kasi ya kipanya. Nikachora mshale kwenye karatasi. Nikamshika mkono. Bado pembeni, na mapigo yanahesabiwa: kumi na tano, ishirini, thelathini na moja kwenye shimo moja. Kijana mmoja aliyekuja kuchapa barua za kazi akawa anamtania.

"Mzee baba, vipi, mpira umenenepa?"

"Umenenepa kukushinda wewe," Bwana Mifugo akajibu bila kugeuka.

Hapo nikaanza kushuku kwamba hakosei, anakusudia. Nikavuta kiti. "Bwana Mifugo, kwa nini unaupeleka kule pembeni?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Hapa katikati pamelishwa mpaka udongo. Majani yapo kule."

Alikuwa akichunga. Ile njia iliyokatwa vizuri, ambayo kila mchezaji anaitafuta, yeye aliiona ni malisho yaliyochoka. Mashimo ya mchanga aliyaona ni mahali pundamilia walipogaagaa. Na pale penye bendera, ambapo majani ni mafupi na laini kama zulia, alikuwa haingii kabisa. Alizungukazunguka tu ukingoni.

"Pale pametengwa," akanieleza. "Kule Oloipiri wanaita alalili. Ni majani ya ndama na wagonjwa. Mkubwa haingii, ni aibu."

Sikucheka. Mwanafunzi akikosea kwa sababu anajua kitu, usimcheke. Kosa hilo ni zuri kuliko kubahatisha. Nikamwambia polepole: "Mzee, mpira huu hauli."

Akaachia kipanya. Nje lori la Mang'ola lilikuwa linapakua, harufu ya vitunguu vilivyooza ikaingia, na kwa mara ya kwanza hakutoa leso.

"Basi hauna maana," akasema.

"Hauna. Lakini mwanao atakuwa pale kwenye bendera."

Akaiangalia ile bendera. Akanusa ugoro, akatema, nami nikaangalia pembeni. "Haya. Tuuingize kwenye alalili. Mungu atusamehe."

Tangu hapo alijifunza haraka. Mapigo marefu hayakumkaa, lakini pale kwenye majani mafupi, ambapo ardhi ina miinamo usiyoiona, alinishinda hata mimi mwalimu wake. Mtu aliyejenga majosho anajua maji yatakimbilia wapi. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia meza, akasema, "Maji yangekwenda huku," na mpira ukaenda huko. Kila ulipoingia shimoni alisonya. Kinyaa hakikumwisha. Aliniambia mchezo ule ni wa watu walioshiba mpaka wakasahau kwamba jani ni chakula. Nami nilikuwa nikikubaliana naye huku nikimwekea hedifoni kichwani.

Jumamosi ya kwanza, saa tisa alasiri, kwa mwanawe ikiwa asubuhi yenye theluji, mpira wa pili ulitokea kwenye kioo kando ya wake. Bwana Mifugo akaushika ule waya wa maiki kwa mkono mzima, akapaza sauti kama anaita ng'ombe ng'ambo ya korongo.

"HALO! HALO! UNANISIKIA? MBONA HUPOKEI SIMU?"

Chumba kizima kiligeuka. Kwenye kioo, ile alama ya maiki ya mwanawe ikapigwa mstari mwekundu. Maana yake, nilimweleza, ni kwamba anakusikia lakini yeye hasemi. Halafu likatokea neno moja la maandishi: "Cheza."

Akacheza. Alipomaliza nilimwonyesha kwamba maiki haihitaji kelele. "Iweke karibu na mdomo, Mzee, upana wa vidole viwili. Hata ukinong'ona inafika Kanada." Akapima kwa vidole vyake, akaitikia kwa kichwa. Lakini Jumamosi zilizofuata hakusema neno. Aliogopa. Yeye aliyewafanya wachinjaji watetemeke aliogopa alama nyekundu isiyozidi ukubwa wa punje ya dengu. Baba na mwana walipiga mipira yao kimya, aliye mbali na bendera akianza, kama kanuni inavyotaka, kisha mpira wa mwanawe ukatoweka, na Bwana Mifugo akavua hedifoni na kuzifuta kwa leso.

Kisha nyonga ikamsumbua, akahamia shambani kwake Buger, hakuja tena mjini. Kulikuwa na laptopu moja kuukuu ambayo kitufe cha M kilikuwa kimeharibika, unajua kwa nini. Nikaiweka kwenye begi na bando la intaneti, nikampelekea.

Nilimkuta ameketi barazani, miguu kwenye kigoda, amekonda. Ugoro ulimtiririkia masharubuni na kukauka; inzi mmoja alikuwa pale na yeye hakuwa na habari. Nilikaribishwa chai. Nikatazama ndani ya kikombe, ukingoni, chini ya mkono wake. Akaniona, mkunjo wa puani ukasogea kidogo. "Umejifunza," akasema.

Ilikuwa Jumamosi. Nikafungua mchezo, nikamvalisha hedifoni, nami nikavuta upande mmoja hadi sikioni mwangu ili nisikie kama mtandao unashika. Mpira wa mwanawe ulikuwepo tayari, na mstari wake mwekundu.

Walifika kwenye shimo la tano. Mpira wa baba ulikuwa umekaa vizuri. Wa mwana ulikuwa mbali zaidi, juu ya mwinamo. Akapiga. Mpira ukapita kando ya shimo, ukateremka. Akaupiga kurudi, ukapita tena. Mara ya tatu, vilevile, kana kwamba anafanya makusudi. Nilimwona Bwana Mifugo anavyobadilika. Mkunjo ukaingia, pua ikapanda, mdomo ukajikusanya kwa ule msonyo wake mrefu, na nikajua sasa utatoka na kuvuka bahari, na mwanawe atazima mashine, na hatafungua tena.

Akashika leso akajiziba mdomo. Alikaa hivyo, macho yanamtoka, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akaiweka leso mapajani. Akaishika maiki, akaipima kwa vidole viwili.

"Maji yangekwenda kulia," akanong'ona. "Elekeza kushoto. Usitumie nguvu."

Hakuna kilichotokea. Inzi aliruka akatua tena. Mpira wa mwanawe ulikaa palepale. Kisha mstari mwekundu ukatoweka.

"Kushoto kiasi gani, Baba?"

Bwana Mifugo aligeuka akanitazama mimi. Nikamgusa kiwiko.

"Kwato moja," akanong'ona.

Mpira ukaondoka taratibu, ukapinda kulia kama maji yatafutayo mfereji, ukaingia. Yale makofi ya kipumbavu yakalia. Hakusonya.

"Mwanangu," akasema, bado kwa sauti ileile ya chini. "Ile siku ya harusi..."

"Zamu yako, Baba," mwanawe akasema, taratibu vilevile. "Piga kwanza, halafu uniambie."

Niliinuka nikaenda kusuuza vikombe, mara tatu, nikawaacha.

Kama nawe una mtu wako huko mbali, mchezo wenyewe ni rahisi, utaujua ndani ya siku moja. Ila kabla hujaanza, pima vidole viwili kutoka mdomoni, weka maiki hapo, kisha ongea polepole.